Hatua Isiyorukika

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na paa la ofisi halikutaka kuachwa nyuma. Tuko ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo ambalo mwenyewe akiulizwa kuhusu paa husema atatuma mtu. Mpaka saa nne asubuhi tulikuwa tumeweka chini ya matone mabeseni mawili, ndoo ya usafi, sufuria ya chai na kile chombo cha takataka. Fundi, ambaye ndiye anayeandika programu zetu, alikuwa akikimbia huku na huku kumwaga maji dirishani, mara akasimama katikati ya chumba akaanza kucheka.

"Jamani, huu ni mchezo huu."

Akaketi. Jioni alitukabidhi simu. Kwenye kioo kulikuwa na nyumba iliyochorwa kwa mistari tu, matone, na beseni unalolivuta kwa kidole. Likijaa unalimwaga, ukilimwaga pengine panaanza kuvuja. Basi. Mimi na Mchoraji tulinyang'anyana ile simu kama watoto. Bosi aliingia na mkoba begani akitaka kutuaga, akaombwa ajaribu kidogo, akacheza amesimama na mkoba wake begani mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunafunga.

"Huu ndio tutakaoutoa mvua zikiisha," alisema. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe Riwaya utautungia hadithi."

Riwaya ndiyo mimi. Fundi ndiye aliyenipachika jina hilo wiki niliyoajiriwa. Humu ndani ni mimi peke yangu nisiyeweza kukifanya kitu chochote kisogee.

"Hadithi ya nini?" Fundi akauliza. "Tone linadondoka, unaweka beseni. Nani anataka kujua beseni lilizaliwa wapi?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Sijaandika kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta kwa hasira zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Leo Fundi ameisoma hadithi yangu mbele ya wote kwa sauti ya mtangazaji wa habari za msiba. Ilikuwa na wingu lenye kinyongo na binti wa mfalme. Alipofika pale wingu linapoapa kulipiza kisasi, Mchoraji alijifunika uso kwa kitambaa cha meza. Ni dada mpole, haoni vizuri na hupenda kila mtu, kwa hiyo nilijua hali ni mbaya.

Tukagombana, si kwa mara ya kwanza. Mimi nikasema mchezo bila hadithi ni kazi ya mikono isiyo na ujira. Yeye akasema mtoto akiruka kamba haulizi kamba imetoka wapi.

"Ndiyo maana anachoka anakwenda kula," nikamjibu. "Hadithi ndiyo ingemrudisha."

"Njaa ndiyo inayompeleka. Kamba ndiyo inayomrudisha."

Bosi alitusikiliza huku akikoroga chai. Yeye hana ugomvi na mtu, ndiyo maana anatisha. Alisema tutawapa watu wacheze, wakiisoma hadithi itabaki, wakiiruka itaondoka. "Na hadithi ikiondoka, mwandishi nitamweka wapi? Hebu nisaidie, Riwaya." Aliniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetafuta pa kuweka kiti.

Kwa hiyo nimeambiwa. Unga wangu uko ukingoni.

Fundi naye ameshaweka kwenye kona ya kila ukurasa wa hadithi kitufe kidogo: RUKA. Nilipopinga alisema ni adabu tu. "Umemkaribisha mtu, mwachie na mlango wa kutokea. Hujui amebeba nini." Nayaandika haya kwa sababu yaliniudhi siku nzima. Tangu lini Fundi akajua adabu? Anakula juu ya kibodi na kufutia mikono kwenye pazia.

Jumapili, 17 Machi

Nyumbani. Dada anafua, mimi napiga pasi, ndivyo tulivyogawana Jumapili tangu nilipoweza kushika pasi bila kujiunguza. Dada anasaga vioo vya miwani kwenye duka la mjini. Mikono yake siku zote ina vumbi jeupe kuzunguka kucha, hata akioga. Amenilea tangu nikiwa na umri wa kuanza shule, Mama alipofariki. Hakuolewa, na anayemuuliza kwa nini hujuta.

Aliniuliza kazi inaendaje, nikamsimulia mchezo wa mabeseni. Nikaona mikono yake imetulia ndani ya maji.

"Mnacheza na hayo?" alisema. Halafu akaendelea kufua.

Dada hachezi michezo ya simu, hata ile ya kusubiria foleni. Mimi najua sababu. Mwaka jana nilipoachwa na mchumba nikalala siku mbili bila kula, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda akaniambia jambo, kama mtu anavyomtupia mgonjwa blanketi lake mwenyewe.

Katika ukoo wetu wote inajulikana kwamba Mama alikufa usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa. Mama Mdogo, mdogo wa marehemu, huisimulia kwenye kila mkusanyiko, na watu humwangalia Dada kwa heshima. Sivyo ilivyokuwa. Zilikuwa mvua kama hizi. Dada alikuwa na miaka kumi na saba, akimuuguza Mama peke yake, akizungusha mabeseni kuzunguka kitanda ili godoro lisilowe. Mchana mmoja Mama akasinzia. Dada akafunga mlango kwa nje, upepo usije ukaufungua, akaenda kwenye kibanda cha michezo ya video pale mtaani kwetu, acheze mara moja tu arudi. Ulikuwa ule wa vitofali vinavyoshuka, unavipanga. Alipoinua kichwa taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Mimi nilikuwa kwa jirani. Sikumbuki kitu ila kwamba nilipewa biskuti.

"Hakuna ninayemwambia," alisema siku ile. "Na wewe sijakwambia."

Leo nimesimama na pasi mkononi, nikimtazama mgongo akifua, na katika kichwa changu ikapita sentensi moja: hiyo ndiyo hadithi.

Nimeunguza foronya. Dada akasema niache tu, atamalizia mwenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Nimeandika. Haikunichukua hata asubuhi moja, ilitoka yenyewe kama maji ya paa hili.

Msichana yuko ndani na mama yake mgonjwa. Kazi yako ni kukilinda kitanda kisilowe. Katikati ya hatua na hatua wanazungumza, mama na mwana, maneno machache tu. Hatua ya saba mama anasinzia, msichana anafunga mlango kwa nje na kutoka. Unamwongoza barabarani kwenye mvua. Anaporudi mabeseni yote yamefurika. Anaita, "Mama?" Mama hajibu.

Nimebadilisha jambo moja. Msichana wangu anatoka kwenda kununua dawa. Nimejiambia nimebadilisha ili Dada asitambulike. Hilo nimejiambia kwa sauti. Kimyakimya najua sababu ni nyingine: hakuna mchezaji atakayempenda msichana aliyemwacha mama yake akaenda kucheza.

Mchoraji aliisoma akaondoka kwenda kunawa uso. Bosi aliisoma mara mbili.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kichwani," nikasema. Sikupepesa hata jicho.

Fundi aliisoma akiwa amesimama. Nilimsubiri na mzaha wake, nikiwa nimeshajiandaa. Alisema tu, "Hii ina mtu ndani," akaenda kumwaga sufuria.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeshinda. Nilimwambia Bosi kwamba hatua ya saba isiwe na kitufe cha kuruka. Mtu akiruka pale atakuwa ameruka mchezo wenyewe. Fundi akasema kitufe kibaki, hasa pale. Bosi akanyoosha kidole upande wangu. Fundi akakiondoa kwa mikono yake mwenyewe bila kubisha, na mimi nikatembea ofisini kifua mbele mpaka jioni kama niliyejenga jengo lote hili na paa lake.

Jumatatu, 25 Machi

Dada ameniuliza kwa nini simtazami usoni tukila. Nikasema macho yananiuma. Akatoa kibao chake cha herufi, akanisimamisha ukutani, akanifunika jicho moja, kisha la pili.

"Macho yako mazima," alisema. "Una lako jambo."

Alhamisi, 28 Machi

Bosi ametangaza siku ya majaribio. Kila mmoja alete ndugu asiyecheza michezo. Nimesema wangu wote wamesafiri. Fundi ataleta mkewe.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Panya amekufa kwenye dari. Kazi zinaendelea.

Jumamosi, 6 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Saa tatu nilikuwa napanga viti, mlango ukafunguliwa, akaingia Mchoraji na miwani mipya usoni, na nyuma yake Dada. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani analolivaa akienda kuonana na watu wa maana. Mchoraji alikuwa anang'aa kwa furaha.

"Nimekuletea ndugu yako," aliniambia. "Nilipokwenda dukani kwake kuchukua miwani nikamwuliza, kumbe hajasafiri. Anasema hujawahi kumwonyesha unapofanyia kazi. Aibu kwako."

"Kweli kabisa," Dada akasema, akicheka. Alikuwa amebeba chupa ya chai kwa ajili ya ofisi nzima. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Aliangalia meza yangu, akaipangusa kwa kiganja, akauliza, "Ndipo hapa?" Nikasema ndipo hapa.

Ningeweza kumzuia. Huu ndio ukweli na sitautia chumvi wala maji. Ningeweza kumwambia Dada, njoo nje kidogo. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini Bosi alikuwa palepale, kila kitu changu kilitegemea siku hiyo, nikajiambia Dada hasomi, atachoka mapema, ataondoka. Nikaendelea kupanga viti.

Akapewa simu, akaketi karibu na dirisha. Na alikuwa hodari. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Wengine walikuwa wakiacha maji yanafurika hatua ya pili, yeye kidole chake kilikuwa kinafika chini ya tone kabla tone halijaachia paa. Fundi alisogea akasimama nyuma yake, mikono kifuani, mwenye raha.

"Tazameni mkono huo. Dada, ulikuwa unacheza zamani?"

"Zamani kidogo," alijibu bila kugeuka.

Kila hadithi ilipotokea alibonyeza RUKA. Ruka, ruka, ruka, hata neno moja hakusoma. Fundi alinitupia jicho la ushindi. Na mimi, ambaye kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiomba watu wasome, nilikuwa nashukuru moyoni kwamba dada yangu wa tumbo moja hanisomi. Nilifurahi hivyo. Naandika hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Akafika hatua ya saba.

Kidole chake kikaenda kwenye kona, mahali kitufe kilipokuwa siku zote. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akatafuta kona nyingine. Halafu akaacha kutafuta akaanza kusoma.

Nilikuwa nimeiandika polepole makusudi. Sentensi moja, unagusa, inakuja nyingine. Nilikuwa nimejisifia hilo. Nikasimama kando ya ukuta nikimtazama akigusa sentensi moja baada ya nyingine, matone ya kweli yakilia kwenye ndoo pembeni yake. Mlango ukafungwa kwa nje. Msichana akatoka. Kuna mahali mchezaji anaweza kumkimbiza msichana barabarani, na watu wote walimkimbiza. Dada alimtembeza. Akamfikisha mlangoni, akafungua, akasoma lile "Mama?", akangoja.

Mke wa Fundi alikuwa ameshalia pale. Mama mmoja wa ghorofa ya chini pia. Dada hakulia. Aliilaza simu mezani kifudifudi, akafuta kidole chake kwenye gauni la kijani.

"Hadithi imekugusaje, dada?" Bosi akauliza.

"Mchezo mtamu," alisema. "Mkono unaupenda. Hadithi sikuifuata, mimi si msomaji."

"Hata hiyo ya mwisho?"

"Hata hiyo."

Alinilinda. Mbele ya watu wangu wote, alinilinda. Akakunja mfuko wake, akawaaga wote kwa mkono kama alivyoingia. Mimi akaniambia, "Utanikuta nyumbani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi akanishika bega: "Waliolia ni wengi. Umejiokoa, Riwaya." Fundi alingoja mpaka wengine wametawanyika.

"Ni yeye," alisema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ashughulike na yake. Nikazunguka mitaani mvuani mpaka nilipoona kutoka barabarani kwamba taa ya chumba cha Dada imezimwa, ndipo nikaingia.

Jumapili, 7 Aprili

Asubuhi nilimkuta Dada ameshamimina chai vikombe viwili.

"Kaa."

Nikakaa.

"Alikwenda kununua dawa," alisema.

"Dada, nilibadilisha ili watu wasijue kwamba ni…"

"Nani angejua? Tunaojua ni wawili, mimi na wewe. Ulikuwa unamficha nani?"

Nikakivuta kikombe changu karibu.

"Mama Mdogo ananisifu mbele za watu miaka yote hii," alisema. Alikuwa anaongea taratibu, bila kupandisha sauti, na ningeshukuru kama angepiga meza. "Namwacha anisifu. Nikitoka hapo silali. Nikasema angalau mtu mmoja aijue ilivyokuwa. Nikakupa wewe. Wewe umeichukua, ukaifua, ukaipiga pasi, umeirudisha imependeza kama ya Mama Mdogo. Umeona aibu juu yangu."

"Si aibu, Dada."

"Ni nini basi?"

Nilitafuta neno. Mimi, Riwaya, ninayelipwa kwa maneno, nikaishia kutazama majani ya chai kikombeni.

"Sikutoka kutafuta dawa," alisema. "Dawa zilikuwepo. Nilitoka kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikiliza matone. Kule kibandani kulikuwa na kitu kinashuka, na kile nilikuwa naweza kukipanga. Haukuwa na hadithi ule mchezo. Ungekuwa na hadithi, pangefika mahali paandikwe mwisho, ningeinuka nikaenda nyumbani. Haukuwa na pa kuinukia."

Akanywa chai yake yote. Akaosha kikombe chake, changu akakiacha.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemwambia Bosi hadithi si yangu. Nimesema nimeichukua kwa mtu aliye hai bila kumwomba. Sikumtaja, ila nadhani alihesabu mwenyewe. Hakukasirika. Alisema mimi nilete ruhusa ya mwenyewe, au hadithi nzima iondoke, na ikiondoka, yale tuliyozungumza Machi yanabaki palepale. Anautaka mchezo utoke mwezi wa tano.

Nilipita karibu na meza ya Fundi. Nilitegemea atafurahi. Alikuwa ananitengenezea chai kwenye sufuria ya matone.

Jumanne, 9 Aprili

Nyumbani tunazungumza. "Chai iko mezani." "Nimeona." Ndivyo anavyowaambia wateja kwamba miwani iko tayari.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwuliza Dada. Nilikuwa nimeapa sitamwuliza, nikamwuliza. Nilimweleza habari ya ruhusa na habari ya kazi yangu. Nikasema ninaweza kuiandika upya kama ilivyokuwa, na kibanda, na vitofali, na kila kitu. Nilijisikia nikiongea kwa sauti ya mchuuzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kusafisha kioo cha miwani ya mtu.

"Hapana," alisema.

Hakusema zaidi, na alikuwa na haki. Kilichoniunguza ni kwamba nilikuwa nimetumaini. Nilikwenda kwa mtu niliyemwibia, kumwomba aniongezee.

Ijumaa, 12 Aprili

Fundi ameiondoa hadithi yote. Ilimchukua muda wa kunywa soda. Nilikaa pembeni nikitazama kurasa zangu zikitoka moja moja, na mabeseni yakibaki yenyewe, yanajaa, yanamwagwa, na lazima niseme mchezo haukuonekana umepungukiwa.

"Ilikuwa nzuri," aliniambia. Huyu ni mtu niliyedhani hajui kusema neno hilo. "Ndiyo maana ilihitaji kitufe."

Nilimwambia samahani kwa siku ile. Akasema siku gani. Akafutia mikono kwenye pazia.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua zinapungua. Nimeandika maneno ya mwisho niliyopewa kuandika ofisini: ENDELEA, PUMZIKA, TOKA.

Ijumaa, 3 Mei

Mchezo umetoka. Mimi pia nimetoka, tarehe hiyohiyo, nikiwa na boksi la vitu vyangu na kukumbatiwa na Mchoraji. Watu wanaupenda. Mmoja ameandika chini yake: "Asanteni kwa kutonisimulia kitu." Fundi hakunitumia huo ujumbe. Niliutafuta mwenyewe.

Jumapili, 5 Mei

Napiga pasi. Dada hufua akiwa amenipa mgongo. Sijaunguza kitu.

Jumapili, 12 Mei

Mama Mdogo amekuja kula nasi. Dada ndiye aliyemwita, wala hakuniambia. Ni mama mnene, mcheshi, akikaa mahali anajaza nafasi kwa maneno kabla ya chakula. Simu yake humpa jirani amfungulie. Alikula, akasifu, akaanza kuuliza lini nitapata kazi na lini nitaoa, na kutoka hapo akafika alikofika siku zote: laiti dada yake marehemu angetuona, ila angalau aliondoka kwa amani, mkono wake mkononi mwa mwanawe.

Dada akaweka kijiko chini.

"Mama, sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Siku ile. Sikumshika mkono. Nilimfungia mlango kwa nje nikaenda kibandani kucheza gemu."

Akaisimulia yote. Haikuwa ndefu. Hakujitetea popote, hakutafuta neno zuri, na aliposema vitofali alivionyesha kwa vidole juu ya meza, vikishuka. Mimi nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nasubiri Mama Mdogo alie, au alaani, au aniangalie mimi kama nilijua.

Mama Mdogo akaisukuma sahani yake mbele.

"Na mimi nilikuwa nakaa mtaa wa pili tu," alisema. "Mtaa wa pili. Sikuja wiki nzima, nikisingizia mvua. Ukadhani naisimulia ile habari kwa ajili yako?"

Akamwangalia Dada, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

"Huo mchezo, mwanangu. Ulikuwa unashinda?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilikaribia kumwambia, Mama, hilo ndilo swali gani. Lakini Dada alikuwa analifikiria. Aliliwaza kabisa, akitazama vidole vyake juu ya meza.

"Siku ile nilikuwa nashinda, Mama," alisema. "Sijawahi kucheza vizuri vile maisha yangu yote. Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu wananitazama. Nilikuwa na raha."

Hapo ndipo alipolia. Nimeishi na Dada karibu miaka yangu yote na sikuwa najua analiaje. Mama Mdogo alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mikono yote miwili yenye vumbi la vioo, wala hakumwambia anyamaze.

Mimi nilikuwa na mwaka mzima na ile siri. Nilikuwa na kazi iliyonilipa niwaze msichana yule alijisikiaje. Nilimpa dawa ya kununua, nikampa mvua, nikampa barabara ndefu ya kurudia, na hata siku moja sikumgeukia aliyekaa chumba cha pili nikamwuliza swali moja.

Nilikusanya sahani nikaenda kuziosha. Nilifungua maji kidogo tu, yasipige kelele, ili wasikatize mazungumzo yao kwa ajili yangu.